SOMO: 720,720, pesa ambayo watu 1 mpaka 16 wanagawana bila baki

Wakuu, habari za Jumapili. Kwenye mchezo wetu hapa Mbagala tumebishana mpaka chai ikapoa: tuweke kiasi gani kwenye kibubu ili wakija watu 7, 11 au 13 mgawo utoke sawa? Jibu langu ni 720,720. Chukueni karatasi, kikokotoo kaeni nacho mbali.

Hatua ya 1. Kata namba katikati: 720 na 720. Tarakimu tatu zikijirudia hivi, namba hiyo imezidishwa kwa 1,001. Kwa hiyo 720 × 1,001.

Hatua ya 2. Utamu uko hapa. Ukiitazama 1,001 unaweza kuapa ni namba tasa. Siyo. Ni 7 × 11 × 13, yaani wale wakorofi watatu wamekaa nyumba moja. Ndiyo maana 358,358 au 914,914, yoyote utakayobuni, inagawanyika kwa 7 bila kujaribu.

Hatua ya 3. 720 ni 2⁴ × 3² × 5. Unganisha: 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Hiyo ndiyo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote bila baki) ya 1 hadi 16. Watu 7 kila mmoja 102,960. Watu 13, 55,440. Watu 16, 45,045.

Hatua ya 4. Idadi ya vigawo: kila kipeo ongeza 1, kisha zidisha. 5×3×2×2×2×2 = 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi hivyo. Namba za ukoo huu Ramanujan wa India alizichambua kwenye makala ndefu ya mwaka 1915.

MASWALI

— Mkuu, si ungezidisha tu 1×2×3 mpaka 16?
Ungepata 20,922,789,888,000. Inagawanyika, ndiyo, ila trilioni 20 nani anazo Mbagala? Vigawo vinavyojirudia ndivyo KDS inavyovifuta.

— Tukiwa 17?
Hapo mmeniweza. 17 ni tasa na haimo. Kila mtu 42,395, inabaki shilingi 5 ya kugombania. Mkiwa 18 mambo shwari, 40,040 kila mtu, kwa sababu 2 na 9 zimo. Kumkaribisha wa 17 inabidi mfike 12,252,240.

— Ni mraba kamili?
Hapana, kipeo cha 5 ni 1, namba witiri. Lakini 849 × 849 ni 720,801, imezidi kwa 81, ambayo ni 9 × 9. Basi toa 9, ongeza 9: 840 × 858. Zidisha uone.

— Mwalimu, hiyo shilingi 20 ya mwisho sarafu yake unaipata wapi?
Mtumiane kwa simu. Makato hayamo kwenye hesabu yangu.