Amplifaya ndogo ya gitaa jukwaani: mambo ya kuzingatia kabla hujapandisha sauti

Ukumbi ukiwa mdogo, malalamiko huwa yale yale. Meza iliyo mbele ya amplifaya inasema gitaa linachoma masikio, meza za pembeni zinasema halisikiki, na mpiga gitaa mwenyewe, aliyesimama karibu kuliko wote, anaona amefifia na anaongeza. Utayakuta haya hapa Mwanza kwenye bustani za Capri Point, kwenye kumbi za Kirumba na chini ya maturubai ya harusi kuanzia Igoma hadi Buhongwa. Kuongeza sauti hakusaidii hapo. Tatizo ni mwelekeo, na kazi ya mwelekeo inafanyika kabla ya wimbo wa kwanza.

Sababu yenyewe inafaa kueleweka, kwa kuwa ukishaielewa utaweza kupanga jukwaa lolote. Spika ya inchi 12 ina upana wa sentimita 30 hivi. Kwenye hewa ya nyuzi joto 25, sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 4. Wimbi refu hivyo halijali spika imetazama wapi, linasambaa kila upande. Lakini ule ukali unaoifanya solo ipenye katikati ya ngoma na kinanda uko kwenye mitetemo ya kati ya 2,000 na 4,000 kwa sekunde. Hayo ni mawimbi ya sentimita 17 kushuka hadi karibu 9, mafupi kuliko upana wa spika yenyewe, nayo hutoka mbele moja kwa moja. Kwa sauti hizo spika ya gitaa ni tochi, si karabai. Aliyekaa pembeni anasikia mvumo wa gitaa, hasikii vidole.

Kwa hiyo anza na kimo. Amplifaya iliyowekwa sakafuni ina kitovu cha spika kwenye sentimita 25 au 30 kutoka chini, na masikio yako ukiwa umesimama yako kwenye mita 1.6 au zaidi. Ukisimama mita 1 mbele yake, uko nje ya mstari wa spika kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 50. Unachosikia hapo si sauti ya gitaa lako, ni mabaki yake. Ukipanga trebo, yaani kitufe cha sauti kali za juu, ukiwa umesimama hivyo, utaijaza mpaka wewe uridhike, na mtu wa meza ya mbele ndiye atakayeumia. Kabla hujagusa kitufe chochote, chuchumaa mbele ya amplifaya, sikio likiwa usawa wa spika, mwambie mwenzako apige nyuzi za juu kwa nguvu ile ile atakayotumia usiku. Panga trebo hapo. Kisha inyanyue amplifaya: kiti imara kinatosha, kreti la soda lililopinduliwa linatosha, stendi ya kuilaza nyuma ni bora zaidi. Ukiinyanyua besi itapungua kidogo, hasa kama jukwaa ni la mbao lenye uwazi chini linalovuma lenyewe. Iache ipungue. Huko chini mpiga besi ana kazi yake.

La pili ni mahali. Wengi huiweka amplifaya nyuma ya mpigaji ikitazama watu, na hapo ile tochi inaelekea meza moja tu. Mimi napendelea kuiweka ubavuni mwa jukwaa, imegeuzwa ivuke jukwaa kuelekea upande wa pili na kuinuliwa kidogo. Bendi nzima inasikia gitaa, mwimbaji anapata noti yake, na hakuna mteja anayepigwa usoni. Kinachofika kwa watu kinakuwa kimesambaa zaidi. Ila angalia maiki ya mwimbaji isiwe kwenye njia ya spika, la sivyo itaokota gitaa usiku kucha.

Kama amplifaya yako iko wazi nyuma, na nyingi ndogo ziko hivyo, mgongo wake nao unatoa sauti. Iache nusu mita hivi kutoka ukutani, isibanwe wala isiwekwe pembeni kabisa penye kona, maana kona huongeza mvumo wa chini. Ukuta ulio karibu unarudisha sauti ya mgongo na kuitawanya. Mawe yetu ya Mwanza ni habari nyingine. Bustani nyingi za huku zina miamba mikubwa kama ukuta wa ghorofa, na mwamba ulio mita 10 mbele ya spika unakurudishia noti yako baada ya karibu milisekunde 58. Kwenye wimbo wa pole huenda usihisi. Kwenye sebene la haraka vidole vyako vitaanza kugombana na mwangwi wake. Tembea uwanjani, piga makofi mara moja kwa nguvu ukiwa mahali ambapo amplifaya itakaa, sikiliza nini kinarudi, kisha geuza spika isiutazame mwamba huo.

Kuna dawa ya sponji ambayo haijulikani sana huku, nami nashangaa kwa nini, kwani vifaa vyake vipo kila mtaa wenye fundi wa makochi. Unakata duara la sponji lenye unene wa sentimita 2.5 hivi, upana sawa na spika, na katikati unatoboa tundu la sentimita 7 au 8. Unalifunga nyuma ya kitambaa cha mbele, lisiguse koni, ile karatasi ya spika inayotetema. Sponji inapunguza ukali unaotoka kwenye kingo za spika, unabaki ule wa katikati, na chanzo kidogo husambaza sauti za juu kwa upana kuliko chanzo kikubwa. Chagua sponji inayopitisha hewa: iweke mdomoni upulize, pumzi ikitokea upande wa pili inafaa. Ile ngumu isiyopitisha hewa itaziba sauti tu. Ukishaifunga, ongeza trebo kidogo kufidia kilichonyonywa. Fanya kazi hii nyumbani siku kadhaa kabla, si nyuma ya jukwaa watu wakisubiri.

Ukiwa na spika ya pili, ipange juu ya ile ya kwanza. Spika mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu zinafanya ule mwale uwe mwembamba zaidi kulia na kushoto, yaani kinyume cha unachotafuta. Moja juu ya nyingine, upana unabaki na kimo unakipata. Soma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizoandikwa nyuma ya amplifaya kabla hujachomeka: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na si kila amplifaya inakubali. Tumia waya wa spika, si waya wa gitaa. Na kama ni amplifaya ya valvu, ile yenye taa za kioo ndani badala ya transista, usiiwashe kamwe ikiwa haina spika.

Hewa ya wazi inataka hesabu yake. Bila kuta, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti inashuka desibeli 6, na ili kuzirudisha unahitaji wati mara nne. Aliye mita 16 hutampata kwa amplifaya ya wati 15 bila kumuumiza aliye mita 2. Hapo ongea na fundi mitambo mapema, tena kwa adabu, akupe maiki moja na nafasi kwenye mikisa, meza yake ya kuchanganya sauti. Maiki ikae sentimita 3 hivi kutoka kwenye kitambaa, kati ya kitovu cha koni na ukingo wake. Mulika kwa tochi ya simu uone kitovu kiko wapi. Spika kubwa zikishabeba gitaa, amplifaya yako inabaki kuwa ya bendi na masikio yako. Kwa hiyo akikuambia "kaka, punguza kidogo," mpunguzie.

Ukumbi wa ufukweni una upepo pia. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa meza za karibu haijalishi sana, lakini kwa waliokaa mbali, sauti inayokwenda kinyume cha upepo hupinda kwenda juu na kuwapita vichwani. Ukijaribu mitambo saa kumi jioni, rudi kusikiliza kule nyuma saa mbili usiku, viti vikiwa na watu, maana miili nayo hunyonya ukali.

Mwisho ni nyaya. Kuhamishia amplifaya ubavuni kunataka waya mrefu zaidi wa gitaa, na ukizidi mita 6 hivi ukali huanza kupotea. Ekstensheni isilale kwenye nyasi zenye maji. Amplifaya iliyotoka Marekani bado imepangwa kwa volti 120, na umeme wetu ni 230, hivyo transfoma iwe tayari. Kabla mdomo wako haujakaribia maiki, chukua kipima volti, pima kati ya nyuzi za gitaa na kichwa cha maiki. Ikisoma volti yoyote ya maana, gitaa lisipigwe mpaka fundi umeme ashughulikie ethi, yaani waya wa ardhini.