Jinsi ya kutumia huduma za ulinzi na usalama pembezoni mwa Dar es Salaam: kutoka ofisi ya mtaa hadi mahakamani

Maeneo mapya ya pembezoni mwa jiji, kama Goba, Madale, Kinyerezi na Chanika, yana mazingira yanayomrahisishia mwizi kazi: nyumba zimejengwa mbalimbali, katikati yake kuna mapagale na viwanja visivyofyekwa, wenyeji wengi huondoka alfajiri na kurudi usiku, na majirani hukaa mwaka mzima bila kujuana majina. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, na jambo linalonisikitisha kuliko yote ni idadi ya matukio yanayoishia kwenye mazungumzo ya majirani bila kufika kaunta ya polisi. Kituo hupanga doria kwa kutazama taarifa zilizosajiliwa, kwa hiyo mtaa unaoibiwa kila wiki na kunyamaza huonekana kuwa mtaa wenye amani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuhakikisha kwamba kila tukio linaandikwa, linafuatiliwa na linafika mwisho wake.

Hatua ya kwanza: wajue wahusika kabla ya tukio

Fika ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa huna shida yoyote, ujitambulishe na uandikishwe kwenye daftari la wakazi. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wananchi, na waliopo sasa walipatikana katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mtumishi wa umma anayetunza kumbukumbu na kuandika barua. Wako wanaodhani kwamba kumweleza mjumbe wa shina kunatosha, lakini huyo ni kiongozi wa chama, na taarifa uliyompa haijaingia serikalini mpaka imfikie mtendaji au polisi. Omba pia namba ya Polisi Kata, yaani mkaguzi wa polisi aliyepangiwa kata yenu, kwa kuwa yeye ndiye anayehudhuria mikutano na kuwajua vijana wa eneo husika.

Hifadhi namba hizi kwenye simu ya kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 116 ya huduma kwa mtoto. Kisha mfundishe kila mmoja kusoma anwani ya nyumba. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, barabara nyingi zina nguzo za majina na nyumba zina vibao vya namba, na mtu anayesema jina la barabara na namba ya nyumba hufikiwa mapema kuliko anayesema "karibu na mwembe, ulizia kwa Mama Fulani", hasa saa nane za usiku ambapo hakuna wa kuulizwa. Kama kibao chako kimeng'oka, mweleze mtendaji.

Hatua ya pili: orodhesha mali zako

Piga picha ya runinga, jokofu, mtungi wa gesi na pikipiki. Andika namba zilizochapwa nyuma ya kila kifaa, na kwa pikipiki andika namba ya injini na ya chasisi. Kwa simu bonyeza *#06#, nawe utaona namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Tunza risiti mahali pengine mbali na vitu vyenyewe. Mali iliyokamatwa kituoni hurudi kwa mwenyewe pale tu anapoweza kuthibitisha kuwa ni yake.

Hatua ya tatu: toa taarifa na upate RB

Ukikuta mlango umevunjwa usiingie wala usifagie; komeo lililokatwa na nyayo za dirishani ni ushahidi. Piga simu, mwite jirani mmoja awe shahidi, kisha nenda kituoni siku hiyohiyo. Askari wa zamu ataisajili taarifa yako katika kitabu cha taarifa (Report Book, kwa kifupi RB) na kukupa namba ya RB, ambayo kwa kawaida huwa na kifupi cha jina la kituo, herufi RB, namba ya taarifa na mwaka. Usiondoke bila namba hiyo, na iandike mwenyewe mahali pa pili. Jalada la uchunguzi likifunguliwa litapata namba nyingine yenye herufi IR, na hiyo ndiyo utakayoitaja kila unapomuulizia mpelelezi.

Unapoandikiwa maelezo, eleza ulichokiona kwa macho yako, na yale uliyosikia kwa wengine yataje kuwa uliyasikia. Sema saa, mwanga ulitoka wapi, ulikuwa umbali gani na mtu alivaa nini, kwa sababu mahakama huuliza mambo hayo hasa pale utambuzi ulipofanyika usiku. Somewa maelezo yote kabla ya kusaini, na pakikosewa omba parekebishwe.

Hapa pana jambo linaloharibu kumbukumbu za mitaa mingi. Mtu akinyang'anywa simu na kitambulisho, huona njia nyepesi ni kuchukua ripoti ya upotevu, ambayo siku hizi hupatikana pia mtandaoni, ili apate laini mpya haraka. Laini ataipata, lakini unyang'anyi umegeuka upotevu, na kona ile alipovamiwa haitawekewa doria. Kilichodondoka ni upotevu. Kilichochukuliwa na mtu ni kosa la jinai, na kinahitaji RB. Baada ya hapo ifunge laini kwa mtoa huduma, na upige *106# kuangalia kama kuna namba usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa matapeli, ule wa "tuma kwenye namba hii", utume 15040.

Hatua ya nne: pale mtu anapoumizwa

Aliyejeruhiwa vibaya apelekwe hospitali mara moja, na mtu mwingine aende kituoni kuchukua fomu ya PF3, ambayo daktari ataijaza na ambayo baadaye itakuwa kielelezo mahakamani. Kwa aliyebakwa au kulawitiwa, asioge wala kufua nguo. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na afike hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kinga dhidi ya VVU ziweze kufanya kazi. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, ambako mazungumzo hufanyika faragha na si kaunta mbele ya watu. Nawasihi wazazi na wajomba wasikubali kumaliza kesi za namna hii kifamilia.

Hatua ya tano: endesheni ulinzi shirikishi kwa utaratibu

Doria za wananchi zina historia ndefu nchini. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili kuwatambua. Hofu ya panya road, yaani makundi ya vijana wanaovamia na kupora watu, mwaka 2015 na tena 2022, ilizifanya kata nyingi za Dar es Salaam zifufue vikundi vyao, na mara nyingi vikundi vilivyoanzishwa kwa hofu hufa hofu inapopungua.

Kikundi kinachodumu huanzia kwenye mkutano mkuu wa mtaa, ambako wananchi wenyewe hukubaliana kiwango cha mchango. Majina ya vijana hupelekwa kituoni wachunguzwe, hupewa mafunzo na polisi, na kila mmoja hupata kitambulisho, filimbi, tochi na kizibao kinachong'aa. Kila mchango ukatiwe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mkutanoni. Pesa isiyosomwa huua kikundi kabla ya jambazi kukigusa. Liwepo pia daftari la doria linaloonyesha waliolinda, njia waliyopita na walichokiona, na Polisi Kata alikague.

Mlinzi wa mtaa anaweza kumkamata mtu aliyemkuta akitenda kosa, lakini anawajibika kumfikisha polisi bila kuchelewa. Hana mamlaka ya kupekua nyumba, kumtoza mtu faini au kumpiga. Katika kundi la WhatsApp la mtaa wekeni sharti kwamba hakuna kutuma picha ya mtu na kumwita mwizi, kwani watu wasio na hatia wameuawa na wanaoitwa wananchi wenye hasira kali kwa neno moja lililopazwa barabarani. Zaidi ya hayo, kusambaza taarifa za uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Hatua ya sita: fuatilia hadi hukumu

Mtuhumiwa akionekana mtaani siku mbili baada ya kukamatwa, watu husema polisi wamehongwa. Mara nyingi amepewa dhamana, ambayo ni haki kwa makosa mengi na hutolewa bure, ingawa unyang'anyi wa kutumia silaha na mauaji hayana dhamana. Waelezeni majirani jambo hili mapema, wasije wakajichukulia sheria mkononi. Ikiwa jalada limekwama, anza kwa mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya. Ukiombwa pesa ili kazi ifanyike, piga 113 ya TAKUKURU. Anayeogopa kulipiziwa kisasi aelezwe kwamba ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na anaweza kuomba jina lake lisitajwe.

Kesi nyingi za wizi hufutwa kwa sababu mashahidi hawakufika. Tarehe ya kesi ikitangazwa, katibu aiandike kwenye daftari la mtaa pamoja na namba ya jalada, awapigie mashahidi jioni ya kuamkia siku hiyo, na kamati imchangie nauli asiyekuwa nayo.