"Bado Anakula" Haitoshi: Jinsi ya Kupima Maisha ya Mbwa au Paka Wako

"Daktari, lakini bado anakula." Hapa Nairobi, hilo ndilo jibu ninalopewa mara nyingi nikimuuliza mtu hali ya mbwa wake mzee. Kula ni dalili njema, ila mbwa mwenye yabisi ya nyonga hula, na paka mwenye jino bovu hula pia, akimeza bila kutafuna. Chukua daftari, tuanze.

Hatua ya 1: Andika mambo matatu anayoyapenda

Usiandike "ni mchangamfu". Andika kinachoonekana kwa macho: hukimbilia geti akisikia gari lako, hupanda dirishani kuota jua la asubuhi, huleta mpira. Kila Jumapili weka alama kwa yale anayoyafanya bado. Likibaki moja, maisha yake yamepungua hata kama sahani inarudi tupu.

Hatua ya 2: Tafuta maumivu

Hapa usiharakishe. Maumivu ya muda mrefu ni nadra kumfanya mnyama alie. Mtazame mbwa anavyoinuka alfajiri, hasa baridi ya Julai: je, anatanguliza miguu ya mbele kisha anasita? Analamba kiungo kimoja hadi manyoya yanageuka rangi? Paka yeye huacha kuruka juu, na wenyewe husema "amezeeka tu".

Uso wa paka pia husema. Mwaka 2019, watafiti wa Université de Montréal walichapisha kipimo cha mambo matano: masikio, macho, mdomo, sharubu na mkao wa kichwa. Kila jambo hupewa 0 hadi 2. Masikio yaliyotanuka kuelekea kando, macho yaliyofinywa na kichwa kilichoinama chini ya mabega huongeza alama. Jumla ikifika 4 kati ya 10, huenda anahitaji dawa ya maumivu. Mpime akiwa macho na ametulia, si wakati anakula au kujilamba.

Dawa hiyo itoke kwa daktari wa mifugo. Parasetamo huua paka. Ibuprofeni humtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Tafadhali, usijaribu hata nusu kidonge.

Hatua ya 3: Toa alama

Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga kipimo cha mambo saba: maumivu, chakula, maji, usafi, furaha, kutembea, na siku nzuri kuzidi mbaya. Kila moja ni 0 hadi 10, kumi ikiwa hali bora. Zaidi ya 35 kati ya 70 inakubalika. Mimi husoma alama ya maumivu kwanza, na kupumua kumo humo. Mnyama anayehema kwa shida hafidiwi na alama za usafi. Akiwa usingizini, hesabu pumzi: kifua kupanda na kushuka ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika kila ukipima, mlete siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Rekebisha jambo moja kwa wakati

Mbwa wengi wa ulinzi jijini hufungiwa kibandani kutwa na kufunguliwa usiku. Huyo anahitaji kutoka. Mtembeze kwa kamba kila asubuhi, umwache anuse anapotaka. Wikendi mpeleke msitu wa Karura. Mbwa mzee anayeteleza kwenye vigae, mtandikie mkeka. Mnene, mpunguze uzito taratibu, maana kila kilo huelemea viungo. Jipime kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe.

Paka wa fleti: trei za mchanga ziwe idadi ya paka ukiongeza moja, mbali na chakula. Mpe boksi la kujifichia na rafu karibu na dirisha lenye wavu. Wa umri mkubwa, kata ukingo wa trei aingie bila kuruka.

Hatua ya 5: Alama zikishuka

Paka asiyekula siku mbili asingojee. Ini lake linaweza kujaa mafuta. Na siku mbaya zikizidi nzuri kwenye kalenda, njoo tuzungumze mapema kuhusu dawa zaidi, uuguzi wa nyumbani, au kumlaza kwa sindano afe bila maumivu. Uamuzi huo ni mchungu. Usiuache hadi usiku wa dharura. Uje na daftari, pamoja na video ya simu akitembea nyumbani, kwa sababu mbwa mwenye hofu huficha kuchechemea akifika kliniki.