Muhtasari wa matibabu kwa mtoto aliyepona saratani: jinsi ya kuuandaa

Matibabu ya saratani yakiisha, familia huondoka na tarehe ya kliniki ijayo, lakini mara nyingi huwa haina karatasi inayoonyesha mtoto alipewa dawa gani, kiasi gani, na mionzi ilipigwa wapi. Bila karatasi hiyo, daktari atakayemwona akiwa na miaka 25 hana pa kuanzia. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza 1994, unaofuatilia watu waliougua saratani utotoni, ulionyesha mwaka 2006 kwamba miaka 30 baada ya ugonjwa kugunduliwa, takriban asilimia 73 wanakuwa na angalau tatizo moja sugu la kiafya. Mengi huanza kimya kimya, na ndiyo maana hutafutwa kwa vipimo kabla dalili hazijatokea.

Omba nakala ndani ya miezi michache baada ya matibabu, faili likiwa bado liko karibu. Unahitaji ripoti ya patholojia (uchunguzi wa maabara uliotambua aina ya saratani), chati za dawa za kila mzunguko, ripoti za upasuaji, na rekodi za kuongezewa damu. Ripoti ya mionzi iombe kando, kwa sababu idara ya mionzi aghalabu hutunza mafaili yake yenyewe. Hakikisha inataja sehemu ya mwili iliyolengwa na jumla ya dozi kwa Gy (grei, kizio cha dozi ya mionzi). Neno "kifua" peke yake halitoshi: dozi ya Gy 10 na ya Gy 36 zina ufuatiliaji tofauti.

Nakili majina ya dawa herufi kwa herufi. Daunorubisini na doksorubisini, dawa mbili za saratani, hufanana kwa jina, ila madhara yake kwa moyo hayalingani dozi kwa dozi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo makosa hutokea zaidi. Dozi ya dawa za kundi la doksorubisini hupimwa kwa miligramu kwa kila mita mraba ya eneo la mwili. Zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili: hilo ndilo eneo la mwili. Mtoto wa sentimita 115 na kilo 20 ana takriban mita mraba 0.8. Akipewa miligramu 20 mara kumi, jumla ni miligramu 200. Ukiiandika hivyo, msomaji ataona namba iliyo chini ya 250, kiwango ambapo moyo huanza kufuatiliwa kwa karibu zaidi, na kudhani hatari ni ya wastani. Gawanya kwa 0.8: ni 250 kamili. Kwa kuwa mtoto hukua wakati wa matibabu, gawanya kila dozi kwa eneo la mwili la siku ile, ndipo ujumlishe. Mwombe mfamasia au daktari aipitie hesabu na kuitia saini.

Namba hiyo ndiyo inayopanga ratiba ya moyo. Mwongozo wa Children's Oncology Group, muungano wa watafiti wa saratani za watoto, unaelekeza eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kila miaka 2 kwa aliyepata 250 au zaidi, na kila miaka 5 kwa aliyepata kuanzia 100 hadi chini ya 250. Mionzi ya kifua huongeza hatari ileile, kwa hiyo iandike mstari unaofuata. Msichana aliyepigwa mionzi ya kifua anahitaji pia kuchunguzwa matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, lolote litakalochelewa. Akipata mimba, aeleze mapema, maana mimba huongezea moyo kazi.

Dawa ya sisplatini hugusa masikio na figo. Usikivu wa sauti nyembamba ndio hupotea kwanza, hivyo mtoto huitika akiitwa lakini hakosi kukosea maneno darasani, hasa kukiwa na kelele. Wengi huitwa wazembe kwa sababu hii; omba kipimo cha usikivu kabla ya kumlaumu. Ifosfamidi nayo hudhuru figo. Siklofosfamidi na dawa za jamii yake zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, jambo ambalo familia nyingi huogopa kuuliza. Uliza. Mionzi ya kichwa inaweza kupunguza kasi ya kufikiri na homoni ya ukuaji: fuatilia urefu wake na maendeleo ya shule. Mionzi ya shingo hudai kipimo cha damu cha tezi ya shingo kila mwaka.

Mistari miwili iwekwe juu kabisa ya muhtasari kwa herufi kubwa, ikimhusu mtoto: "Alipewa bleomisini" (dawa nyingine ya saratani), ili mtaalamu wa usingizi ajue kabla ya upasuaji, kwani oksijeni nyingi inaweza kudhuru mapafu, na "Hana bandama", ili homa yoyote itibiwe kama dharura.

Weka nakala kwa mzazi, kwa daktari wa karibu na kwenye simu. Kuanzia ujana, mwache mtoto mwenyewe aisome na kuieleza kliniki, na baada ya kila ziara ongezeni kipimo kilichofanywa, jibu lake na tarehe ya kijacho.