Bunduki ya kwanza ya shabaha za mbali
Anayenunua bunduki yake ya kwanza ya kulenga shabaha za mbali asimalize fedha zote kwenye bunduki yenyewe, kwa kuwa darubini hafifu, ambayo ukiirekebisha hairudi sawasawa pale ilipokuwa, hubatilisha kazi ya mtutu ulio mzuri. Kwa upande wa risasi ningechagua 6.5 Creedmoor, iliyoingia sokoni mwaka 2007, kwani hulipiga bega kwa nguvu ndogo kuliko .308 Winchester na haipeperushwi sana na upepo, tofauti inayoonekana wazi shabaha ikiwa umbali wa mita 800. Kabla ya kulipa, pitisha karatasi kati ya mtutu na sehemu ya kitako iliyo chini yake, kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikikwama kabla ya kufika karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, mtutu unagusa kitako; tafuta bunduki nyingine.