Namna ya Kuchunguza Jinsi Mabadiliko ya Tabianchi Yanavyozitumbukiza Kaya katika Umaskini

Mtu anayepewa kazi ya kutathmini athari za mabadiliko ya tabianchi kwa watu maskini mara nyingi huanza kwa kuhesabu vilivyoharibika: ekari zilizokauka, nyumba zilizosombwa, mifugo iliyokufa. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ikiachwa peke yake hupotosha, kwa sababu mwenye vingi ndiye hupoteza vingi, na mfugaji aliyefiwa na ng'ombe 50 huku akibakiwa na wengine 50 ataonekana kwenye orodha kuwa ameumia kuliko mjane aliyekuwa na mbuzi 4 wakafa wote. Inafaa zaidi kufuatilia kaya ilifanya nini baada ya hasara, iliuza nini kwanza, na ilibakiwa na nini cha kuanzia msimu uliofuata.

Kabla ya kwenda kwa watu, tenganisha mambo matatu ambayo Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachotathmini sayansi ya tabianchi, huyaangalia linapoeleza hatari: tukio lenyewe la hali ya hewa, watu na mali vilivyo katika njia yake, na udhaifu unaowafanya watu hao waumizwe zaidi au washindwe kuinuka. Bangladesh inaonyesha vizuri kwa nini mambo hayo yasichanganywe. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo hilo, ilhali Sidr, kimbunga kikali kilicholipiga mwaka 2007, kiliua maelfu kadhaa, kwa kuwa katika miaka hiyo ya kati nchi ilikuwa imejenga mfumo wa tahadhari za mapema na majengo ya kujihifadhi. Hata hivyo mashamba na nyavu za wavuvi havikimbilii kwenye majengo hayo, na wengi waliookoka walirudi makwao wakiwa hai lakini bila nyenzo za kazi.

Tafuta kisha kumbukumbu za mvua na joto za muda mrefu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, nawe usikubali kuhukumu kwa msimu mmoja au miwili. Usitosheke na jumla ya mvua ya mwaka, maana jumla inaweza kubaki ileile huku mvua ikichelewa kuanza, ikakatika wiki tatu wakati mahindi yanapotoa mbelewele, halafu ikamwagika yote kwa siku chache na kuondoka na udongo wa juu. Mkulima anayelalamika kwamba mvua imeharibika na ofisa anayemwonyesha jedwali lisilobadilika huenda wote wawili wanasema kweli.

Sehemu inayodai subira zaidi ni kuandika historia ya mali ya kaya. Kaa na kila kaya uiulize, mwezi kwa mwezi, tangu ukame au mafuriko yalipoanza: ni lini mlipunguza milo, ni lini mlikopa na kwa riba gani, ni lini mliuza kuku, ni lini mtoto aliacha shule, ni lini mliuza maksai, mlikula mbegu au mliweka shamba rehani. Hatua za mwanzo zinauma, lakini nyingi hurekebishika mavuno yakirudi. Za mwisho ndizo zinazoifungia kaya mlango, kwa sababu asiye na maksai hulima eneo dogo au huchelewa kupanda hata mvua ikiwa nzuri. Weka alama mahali kaya ilipovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa wafugaji, uliza pia gunia moja la nafaka lilipatikana kwa mbuzi wangapi kila mwezi. Katika Pembe ya Afrika, ambako misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa haba kuanzia mwishoni mwa 2020, umaskini uliingia kwa milango miwili: wanyama waliokufa, na waliobaki hai waliokonda wakapoteza thamani sokoni, kila mtu akiuza kwa wakati mmoja na nafaka ikizidi kupanda bei.

Usiwasahau wasio na shamba wala mfugo. Kibarua hukosa kazi ya palizi na ya kuvuna lakini jina lake haliingii kwenye orodha ya waliopata hasara, na maskini wa mjini, ambaye sehemu kubwa ya kipato chake huishia kwenye chakula, huguswa na ukame wa mbali kupitia bei. Zungumza na wanawake peke yao, hasa pale ambapo ardhi imeandikwa kwa jina la mume.

Jihadhari na majibu yanayokuja kwa urahisi mno. Watu wakijua kwamba umetumwa kwa ajili ya tabianchi, kila tatizo litapewa jina hilo, na sioni ajabu, kwa kuwa ndiko fedha ziliko. Waombe wapange kwa uzito sababu zote za kuanguka kwao, yakiwamo maradhi, madeni, ugomvi wa ardhi na kuporomoka kwa bei ya mazao, kisha uliza ni sababu ipi ilitangulia na ipi ilifuata.

Katika ripoti, weka tarehe mbili sambamba kwa kila kaya: siku ilipouza mali yake ya kwanza ya uzalishaji, yaani ile inayoitegemea kupata riziki, kama maksai, na siku msaada wa kwanza ulipoifikia. Mpango wa hifadhi ya jamii ulioanzishwa Ethiopia mwaka 2005, unaozipa kaya zenye upungufu wa chakula wa kudumu fedha au chakula, nyingi zikifanya kazi za umma, ulikusudiwa pia kuzuia mauzo ya aina hiyo. Pale msaada ulipotangulia, eleza ulitoka wapi na ulipitia mikono ya nani; pale ulipochelewa, andika ulichelewa kwa siku ngapi.