Mikono inayochanika kwa sabuni na glavu

Kwa wanaoshinda na glavu na barakoa hapa Lamu: si sabuni peke yake inayoharibu ngozi, ni unyevu unaofungiwa ndani ya glavu. Nawa sekunde 20 kwa maji yasiyo ya moto, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri. Watu huongeza sabuni, na mabaki hukwama chini ya pete na katikati ya vidole, ndipo ngozi inapoanza kupasuka. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa, usisugue. Mikono ikauke kabisa kabla ya glavu.

Kama hakuna uchafu unaoonekana, kitakasa chenye alikoholi ya asilimia 60 au zaidi huikausha ngozi kidogo kuliko sabuni. Kikichoma, ujue ngozi imeshachanika.

Mafuta ya nazi au ya mgando ni ya usiku, baada ya zamu. Chini ya glavu za mpira usiyapake kamwe: huzidhoofisha zikatoboka. Juu ya pua, paka krimu nyepesi nusu saa kabla ya barakoa. Ukiona usaha, nenda kliniki.